Ziwa Bila Wenyewe: The African Queen Ikitazamwa Kutoka Kalemie

Tarehe 26 Desemba 1915, mashua mbili ndogo za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilitoka katika bandari mpya ya Kalemie zikaifukuza meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Baada ya mapambano mafupi nahodha wa Kingani alikuwa amekufa na meli imetekwa. Vita hivyo vya Ziwa Tanganyika vilimpa C. S. Forester, mwandishi Mwingereza, chanzo cha riwaya aliyoichapisha mwaka 1935. Mwaka 1951 riwaya ikawa filamu, The African Queen, iliyotengenezwa na kampuni za Uingereza na Marekani, ikaongozwa na John Huston na kuigizwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Hadi leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sinema ya zamani. Bogart alipata kwayo tuzo yake pekee ya Oscar. Rangi za picha zilizopigwa na Jack Cardiff hazijachuja, na mazungumzo yake bado yanachekesha na kusisimua. Sisi wa Kalemie, tulio kwenye ufuko ambako kisa chake kilianzia, tuna swali letu la kuiuliza: watu wa ziwa hili wamo ndani yake? Na kama wamo, wamo kwa nafasi gani?

Swali la uwakilishi katika filamu za zamani limezoea kujibiwa kwa njia mbili nyepesi. Kuna wanaosema filamu hizi ni za kibaguzi, zitupwe. Kuna wanaosema ni za zama zake, ziachwe kama zilivyo. Majibu yote mawili yanatuondolea kazi ya kutazama. Filamu ya zamani ni shahidi, na shahidi husikilizwa kisha akahojiwa. Hapa nitaihoji kwa vipimo vinne: jina, kauli, ujuzi na uamuzi. Mtu aliyepewa vinne hivi ndani ya kisa ni mhusika. Aliyenyimwa vyote, hata akijaza skrini nzima, ni pambo.

Kijiji kinaimba, kisha kinatoweka

Filamu inaanza Septemba 1914, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwenye misheni ya Kimethodisti kijijini Kungdu. Mchungaji Samuel Sayer, anayeigizwa na Robert Morley, anaongoza wimbo wa kanisa huku dada yake Rose akipiga kinanda. Kanisa limejaa waumini Waafrika. Wanaimba ovyo, sauti zinagongana, maneno hayatambulikani. Charlie Allnut, anayeigizwa na Bogart, anawasili kwa mashua yake ya mvuke, anatupa kipande cha sigara, na wanaume wanakigombania mpaka ibada inavurugika.

Katika dakika hizo chache mtazamaji ameshafundishwa mambo mawili: kwamba watu hawa hawakielewi wanachokiimba, na kwamba kipande cha tumbaku kinatosha kuwatoa kwenye ibada. Hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Hakuna aliyesema neno ambalo filamu inataka tulielewe.

Baadaye wanakuja askari chini ya ofisa wa Kijerumani. Wanachoma nyumba, wanawakusanya wanakijiji na kuwachukua. Mchungaji anapigwa, homa inampanda, akili inamruka, anakufa. Filamu inampa maombolezo na kaburi, na kifo chake kinampa Rose sababu ya kutaka kuizamisha Louisa, meli ya kivita ya Wajerumani inayotawala ziwa. Wanakijiji waliochukuliwa hawarudi tena katika kisa. Walipelekwa wapi? Nani alifia njiani? Watoto wao walibaki na nani? Charlie anaeleza kwa ufupi kwamba Wajerumani wanataka kuwafanya wanajeshi, kisha mashua inang'oa nanga, na tangu hapo mto na ziwa vinakuwa mali ya watu wawili.

Waafrika tunaowaona baada ya hapo ni askari wa ngome ya Shona wanaofyatua risasi kutoka juu ya ukingo. Kamera haiwakaribii. Orodha ya waigizaji inawataja wanaume waliocheza maofisa wa Kijerumani, hata wenye sentensi chache, kina Peter Bull, Theodore Bikel na Walter Gotell. Mwafrika hayumo. Na hawa waliosahaulika katika orodha ni watu halisi waliosimama mbele ya kamera, maana sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Congo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, na baadaye Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na huko Butiaba kwenye Ziwa Albert.

Wapiga kafi wa Spengler

Kipimo cha ujuzi ndicho kinachofichua zaidi. Hatari kubwa ya safari ya Charlie na Rose ni mto wenyewe: maporomoko, mawe, ngome, matete yanayofunga njia. Katika kisa cha Forester yumo mtu mmoja aliyewahi kuushuka mto huo kabla yao. Ni mpima ramani wa Kijerumani, Spengler, na aliushuka kwa mtumbwi uliopigwa kafi na Waswahili.

Tukae kidogo hapa. Spengler amepewa jina, ramani na sifa ya kutangulia. Waliokuwa na kafi mikononi, waliousoma mkondo na kujua jiwe lipo wapi kabla halijaonekana, wamepewa jina la jumla tu. Bila wao ramani isingekuwapo, na bila ramani Charlie asingejua njia. Kwa hiyo ujuzi wa Waafrika umo ndani ya kisa, na ndio unaokibeba, ila umeandikwa kwa jina la mwingine. Mvuvi yeyote wa Kalemie anayetoka usiku na taa zake kutafuta ndakala anajua kwamba ziwa halisomwi na mgeni kwa siku moja. Hulka ya upepo, mahali pa kukimbilia mawimbi yakichafuka, mdomo wa Lukuga unavyobadilika majira kwa majira: haya hurithiwa na kufundishwa. Filamu inayotuonyesha wageni wawili wakilishinda ziwa kwa werevu wao peke yao imelifuta somo hilo lote.

Uamuzi nao umegawanywa vivyo hivyo. Wajerumani wanaamua kuchoma. Rose anaamua kulipiza. Charlie anaamua kumfuata. Wanakijiji wanaamuliwa. Hakuna onyesho hata moja ambamo mwanakijiji anakataa, anatoroka, anajadili, anamficha mtu au anachagua upande. Watu walioishi kati ya majeshi mawili walifanya mambo hayo kila siku, kwa sababu uhai wao uliyategemea.

Yaliyotokea kweli huku kwetu

Riwaya na filamu zina ruhusa ya kubuni. Hakuna anayemdai Forester hesabu za mwanahistoria. Lakini tukijua kilichotokea, tunaona ni nini hasa kilichoondolewa ili kisa kibaki cha watu wawili.

Mimi na Toutou zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa treni mpaka Fungurume, Katanga. Toka hapo zilikokotwa kuvuka milima ya Mitumba. Zilitumika injini za mvuke na maksai, na zilitumika nguvu za mamia ya Waafrika waliokata miti, wakatengeneza njia, wakajenga madaraja mengi na kulisha injini kuni na maji. Mashua zilirudishwa kwenye reli hadi Bukama, zikateremshwa Lualaba hadi Kabalo, kisha zikaletwa ziwani kwa reli ambayo ilikuwa imefika Kalemie mwaka huohuo wa 1915. Kazi hiyo ilichukua miezi. Mapambano yenyewe na Kingani yalikwisha kwa muda unaohesabiwa kwa dakika. Vitabu vya Ulaya vimeandika mengi kuhusu dakika zile na kuhusu vituko vya kamanda Geoffrey Spicer-Simson, na machache kuhusu waliozivusha mashua milimani.

Hata pale wenyeji wanapotajwa, wanatajwa kama washangiliaji. Tunasomeshwa kwamba Waholoholo walikusanyika vilimani kutazama vita, wakamwona kamanda kama mungu, wakachonga sanamu za udongo za mfano wake. Masimulizi hayohayo yanakiri kwamba watu walimpa lakabu, Bwana Chifunga-tumbo, kwa sababu ya nguo aliyojifunga kiunoni. Mimi naliona hilo kuwa jambo la maana. Watu wanaomtazama kamanda aliyejaa majivuno, wakampa jina linalolenga mavazi yake, wana macho makali na maoni yao. Mtunzi wa filamu angeweza kupata hapo mhusika mzima: mvuvi au mwanamke wa soko aliyewaona Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani wakipishana, na akawa na lake la kusema juu ya kila mmoja.

Louisa ya filamu inafanana na meli ya kweli, Graf von Götzen. Ilijengwa na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliteremshwa majini mwaka 1915. Hakuna mmisionari wala fundi aliyeizamisha kwa kombora la kujitengenezea, kama ilivyo katika filamu. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Meli hiyo imewabeba watu wa pande zote za ziwa kwa vizazi. Mwaka 1997 iliwarudisha Congo maelfu ya wakimbizi waliokuwa Tanzania. Kwa mashabiki wa filamu, Louisa ilikwisha ilipozama. Kwa familia nyingi za Kalemie, Fizi na Kigoma, meli hii ni sehemu ya historia ya nyumbani.

Na hayo tunayoyaita majeshi ya Wabelgiji yalikuwa ya nani? Maofisa walikuwa Wazungu; askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walikuwa Wakongo. Ndio walioingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi, ambao kwa upande wa Wabelgiji peke yake walipita 200,000 katika muda wote wa vita. Ng'ambo ya pili, askari wa Wajerumani nao walikuwa Waafrika, na hata kati ya waliotekwa ndani ya Kingani walikuwamo mabaharia Waafrika. Wengi katika watu hawa, wa upande huu na wa upande ule, walielewana kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa Wajerumani, na huku kwetu kilikuwa kimekwisha kuenea kwa njia za biashara zilizopita Ujiji na Mtoa. Watu wenye lugha moja walipangwa kupigana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya ambao hawajawahi kuwaona. Hiyo ni tamthilia kubwa kuliko ya mashua moja, na hakuna aliyeipiga picha.

Kunyimwa majina huko hakukuanzia kwenye sinema. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikiomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, waliofia upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Filamu ya 1951 ilirithi ukimya huo tayari umeandaliwa. Wapagazi hawakuwa na majina makaburini, hawakuwa na majina katika vitabu vya vita. Wangeyapata wapi katika orodha ya waigizaji?

Je, ni kosa la zama?

Mtetezi atasema: mwaka 1951 ndivyo watu walivyotengeneza filamu, tusiihukumu jana kwa sheria ya leo. Hoja hiyo inastahili jibu la mfano, na mfano upo.

Mwaka 1935 Zoltan Korda aliongoza Uingereza filamu ya Sanders of the River, hadithi ya ofisa wa kikoloni anayewatuliza machifu. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa Mmarekani mweusi, alikubali kuigiza Bosambo akitumaini kuonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Alipoiona filamu ilivyokamilika kuwa sifa kwa dola la Uingereza, aliikana. Kijiji cha filamu kilijengwa Shepperton, karibu na London, na mmoja wa walioigiza nafasi ndogo za machifu alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Mtu ambaye miaka mitatu baadaye angechapisha Facing Mount Kenya, na ambaye angekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake, alikuwa pale mbele ya kamera, na filamu haikuwa na haja naye ila kama mwili wa kujazia umati.

Korda huyohuyo, mwaka 1951, mwaka uleule wa The African Queen, alitoa filamu nyingine ya Kiingereza, Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini kutokana na riwaya ya Alan Paton. Mhusika mkuu ni mchungaji Mwafrika, Stephen Kumalo, aliyeigizwa na Canada Lee. Sidney Poitier kijana aliigiza mchungaji Msimangu. Kumalo ana jina, ana kijiji, ana mtoto anayemtafuta, ana imani inayotikiswa, na anaamua. Filamu hiyo ina mapungufu yake, kubwa likiwa subira kupita kiasi mbele ya udhalimu. Hata hivyo inatosha kuthibitisha kwamba mwaka 1951 ilikuwa inawezekana kumweka mchungaji Mwafrika katikati ya kisa na kumpa uchungu wake mwenyewe, ilhali katika The African Queen mchungaji anayestahili machozi ni Samuel peke yake. Zama zinaeleza mazingira ya uchaguzi. Haziufuti uchaguzi.

Rose na upande mwingine wa mizani

Haki inadai tuseme pia filamu ilichofanya vizuri. Katharine Hepburn alikuwa na miaka 44 wakati wa kupiga picha hizo, na Rose wake si binti wa kuokolewa. Ni yeye anayebuni mpango wa kuishambulia Louisa, anayeshika usukani kwenye maporomoko, anayemwaga pombe ya Charlie mtoni na kumlazimisha awe jasiri. Mapenzi yao ni ya watu wazima waliokwisha kuchoka na upweke, na filamu inayaheshimu. Kwa upande wa wanawake, mwaka 1951, hilo lilikuwa jambo la kupongezwa, na wengi waliomtazama Rose waliondoka wakiwa wameona uwezo wao.

Hapa ndipo uchambuzi wa uwakilishi unapokuwa mgumu, na pia wenye faida. Filamu moja inaweza kumwinua mtu mmoja kwa kumkanyaga mwingine. Uhuru wa Rose unazaliwa katika onyesho lilelile ambamo kijiji kinateketea. Ili yeye avuke kutoka kuwa dada wa mchungaji hadi kuwa nahodha, filamu ilihitaji mto usio na watu, kwa maana penye watu angelazimika kuwauliza njia, kuwalipa, kuwasikiliza, pengine kuwakosea na kuwaomba radhi. Mwanamke wa Kungdu, aliyenyang'anywa nyumba na mume siku ileile, alikuwa na sababu ya kuchukia Louisa iliyokuwa nzito kama ya Rose. Angekaa naye ndani ya mashua, filamu ingekuwa na wanawake wawili wenye kisasi kimoja na maisha tofauti. Hakuna sheria ya sanaa iliyoizuia. Haikupita akilini mwa waliotunga.

Koloni lililopigwa picha na kukatazwa kutazama

Wakati Huston alipoleta kamera zake Congo, koloni lilikuwa na sinema yake. Serikali na wamisionari wa Kibelgiji walitengeneza filamu za aina mbili. Za kwanza ziliwaonyesha Wabelgiji koloni lao: reli, migodi, hospitali, ngoma. André Cauvin ndiye aliyejulikana zaidi, na filamu yake Bwana Kitoko ya mwaka 1955 ilifuata ziara ya mfalme Baudouin katika koloni. Za pili zilitengenezwa kwa ajili ya Wakongo, kuwafundisha usafi, kazi na dini. Padri Albert Van Haelst alitunga vichekesho vya Matamata na Pilipili huko Kasai, vikiwa na waigizaji Wakongo walioonekana kwa karibu na kupendwa na watu wao, ingawa somo la kila kisa lilikuwa limekwisha kuamuliwa na padri.

Sheria ilisimama katikati ya aina hizo mbili. Mwaka 1945 utawala wa koloni ulikataza wasio Wazungu wala Waasia kuingia kwenye maonyesho ya filamu ambazo tume ya ukaguzi haikuzipitisha kwa ajili ya Waafrika. Mkongo aliweza kupigwa picha kwa ajili ya macho ya wengine, na hakuruhusiwa kutazama kwa hiari yake picha za hao wengine. Uwakilishi ulidhibitiwa kwenye kamera na ukadhibitiwa tena mlangoni mwa ukumbi.

Upande wa Tanganyika ya Waingereza mambo yalikwenda njia iliyokaribiana na hiyo. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu ulikaa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukatoa filamu 35 za mafunzo ambazo nyingi zilikuwa na maelezo ya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Ilipofika mwaka 1952, kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu ya Muhogomchungu kwa Kiswahili, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa waziri mkuu. Walioiandaa walikuwa wageni na hadithi ilikuwa ya kuonya, lakini Kawawa alisema, alisikika na alieleweka. Mweke Kawawa wa 1952 kando ya Kenyatta wa 1935. Wote wawili walikuwa Waafrika mbele ya kamera ya mgeni. Kilichowatofautisha ni nafasi waliyopewa ndani ya kisa, na lugha.

Hesabu za leo

Siku hizi taasisi kubwa za filamu zimeweka vigezo vya ujumuishi. Chuo cha Oscar kilitangaza vyake mwaka 2020, na tangu tuzo za 2024 filamu inayowania tuzo ya filamu bora hulazimika kuvitimiza. Njia mojawapo ya kutimiza kigezo cha waigizaji ni kwamba asilimia 30 ya nafasi ndogo zichukuliwe na watu wa makundi mawili au zaidi yaliyosahaulika, kama wanawake na watu wa asili zisizo za Kizungu. Vigezo hivyo vimefungua milango ya ajira, na ajira ni jambo kubwa. Lakini vinahesabu watu, na The African Queen inatuonyesha mpaka wa hesabu: ina mwanamke mbele, ina umati wa Waafrika nyuma, na bado Mwafrika hayumo kama mtu. Hesabu inaweza kusema nani alisimama kwenye picha. Haiwezi kusema kama aliulizwa.

Kwa hiyo vipimo vya jina, kauli, ujuzi na uamuzi vinahitajika hata kwa filamu za sasa, zikiwamo zetu. Sinema ya Congo imekuwa ikivijibu tangu zamani kidogo. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, aliongoza pamoja na Benoît Lamy La vie est belle mwaka 1987, Papa Wemba akiwa mhusika mkuu anayeitafuta riziki na muziki Kinshasa. Filamu yake Pièces d'identités ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 1999. Dieudo Hamadi, katika Maman Colonelle ya 2017, alimfuata ofisa wa polisi mwanamke aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, na kamera yake ikamwacha aseme, akosee, aamue. Mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipewa tuzo huko Cannes kwa filamu yake Augure. Hata katika kazi hizi tuulize maswali yaleyale: walio vijijini ni akina nani? Mbuti, mtumishi, mwanamke wa sokoni wana majina? Katika mkoa wa Tanganyika, ambako Waluba na Watwa wamemwaga damu katika miaka ya karibuni, swali la nani anageuzwa kuwa pambo katika hadithi ya mwingine si la Wazungu peke yao.

Tufanye nini na filamu hii

Ninapendekeza tuionyeshe. Ionyeshwe Kalemie hadharani, kwenye shule, parokia na vyuo, lakini isionyeshwe kimya. Afrika Mashariki ina ufundi wake wa kuieleza filamu ya kigeni. Dar es Salaam walisikika Lufufu na DJ Mark, Kenya yupo DJ Afro, Uganda yupo VJ Jingo: watu wanaoweka sauti yao juu ya filamu, wakatafsiri, wakafafanua, wakabishana na kinachoonekana. Enzi za ukoloni pia maonyesho ya vijijini yalikuwa na mfafanuzi aliyesimama kando ya skrini, ingawa maneno yake yalisimamiwa. Sasa hayasimamiwi. Mfafanuzi wa Kalemie akisimama kando ya The African Queen anaweza kusimamisha picha kijiji kinapochukuliwa na kueleza wapagazi walikwenda wapi. Anaweza kuwataja Waholoholo, Watabwa, Wabembe na Waluba waliokuwapo. Anaweza kueleza Götzen ilizamaje na iliinukaje. Filamu itabaki ileile na watazamaji watatoka na historia pana zaidi.

Pili, tudai kumbukumbu. Filamu nyingi za koloni na za wamisionari zimehifadhiwa Ubelgiji, Brussels, Tervuren na Leuven. Humo zimo nyuso za mababu zetu zikiwa zimeandikiwa maelezo ya jumla. Wazee wenye uwezo wa kutambua mahali, mavazi, nyimbo na pengine watu wanapungua kila mwaka. Nakala zinapaswa kufika Kalemie wakati bado yupo wa kuzisoma, na majina watakayoyatoa yaandikwe kwenye kumbukumbu rasmi kama sehemu ya filamu zenyewe.

Tatu, kisa cha 1915 kipigwe upya, na wenyewe. Hakihitaji fedha za Huston. Kijana mwenye simu nzuri, mashua ya kukodi na wazee wa kuhojiwa anaweza kuanza na waliozivusha mashua Mitumba, au na baharia Mwafrika wa Kingani aliyetekwa na watu waliosema lugha yake. Serikali ya mkoa, dayosisi na vyuo vya hapa vinaweza kugharimia kazi hiyo kwa kiasi kidogo kuliko vinachotumia kwa sherehe za siku moja.

Filamu ya zamani ya Ulaya haina tena uwezo wa kubadilika. Waliopaswa kuulizwa mwaka 1951 wamekwisha kufa, na walioiongoza nao wamekufa. Kinachoweza kubadilika ni kama hiyo itabaki kuwa simulizi pekee la vita vya ziwa hili linalofika kwenye skrini. Uamuzi huo umo mikononi mwa watu wa Kalemie, na miaka zaidi ya mia moja ya kuusubiri kutoka kwa wengine inatosha.